Mkono wa Kushoto

Ndoo ya maji hapa Newala ni shilingi mia tano,
mwezi wa kumi mia saba, na Bakiri mwenye punda
hapandishi mlima huu kwa mkopo.
Kwa hiyo najua bei ya kila unachochafua, mama,
na sitaki kuijua.

Asubuhi nachemsha kidogo, nayazimua,
napima joto kwa kiwiko
kama wafanyavyo wenye watoto.
Ya baridi unayapigia kelele
mpaka jirani anapunguza redio.

Hadia ndiye aliyekuwa akikufanyia haya.
Hadia kajifungua, yuko Masasi kwa mumewe.
Shangazi wa Kitangari alikuja, akanywa uji, akasema
mtoto wa kiume hapatazami alipotokea.
Akakung'uta kanga, akapanda pikipiki.
Nikabaki na kopo.

Siku ya kwanza nilifumba macho.
Ujinga: afumbaye macho hupaka, haoshi.
Ulikalia uchafu hadi alasiri, ngozi ikachubuka,
na nesi alipouliza nani anamhudumia bibi
nilijibu kama mwizi: mimi.
Hakucheka. Alisema, mbele kwenda nyuma,
usirudi, usisugue, kausha kwa kugusa tu,
penye mkunjo paka mafuta ya nazi.
Akaniandikia kwenye karatasi, kama dawa.

Sasa tunafanya hivi.
Nagonga bati la mlango wa choo, ingawa halina komeo.
Hodi, binti Nantumbo.
Nasema kila kitu kabla mkono haujafika:
maji haya, mama. Sasa kitambaa. Sasa upande wa pili.
Umeshika bega langu, umenikanyaga kidole,
una uzito wa gunia la mabibo makavu.
Siku nyingine unanipiga.
Siku nyingine unaniita Mfaume,
kaka yako aliyezikwa kabla mimi sijazaliwa:
"Mfaume, toka, naoga, nitakusemea kwa mama!"
Nami natoka kweli. Nasimama nyuma ya bati,
nahesabu hadi ishirini,
narudi nikiwa mtu mwingine.

Kuna vitambaa unavificha chini ya godoro,
umevikunja pembe kwa pembe
kama ulivyokuwa ukikunja shuka za wageni.
Sikuulizi. Navifua usiku,
navianika nyuma ya banda la kuku
wasivione wapitao njia ya shule.

Ulinifundisha wewe, hapahapa, nina miaka mitatu:
huu wa kulia ni wa kulia ugali,
huu mwingine ndio wa huku.
Ukanichapa nilipokosea. Kidogo.
Kisha, kuchamba kwingi, kuondoka na mavi,
yatosha, Dadi, inuka.

Jana nilikuwa nimepiga magoti,
maji yamebaki nusu kopo,
ukanitazama utosini muda mrefu.
"Mtoto akikunyea mkono," ukasema,
kwa sauti ile ya zamani ya kunitega,
ukanyamaza ili nimalizie.
Koo likagoma.
Ukanigonga kichwa kwa kifundo cha kidole:
"Haya! Mkono unafanywaje?"
Haukatwi, nikasema.
"Haukatwi," ukarudia, taratibu,
kama uliyeletewa habari za mji usioujua.
Halafu: "Wewe mtoto wa nani?
Kamwambie mama yako akutafutie suruali,
hiyo imelowa."

Nitamwambia.

Nikakuinua, nikakaza fundo la kanga.
Ile nusu kopo nikanawia,
sabuni mara mbili,
nikanusa vidole,
nikaenda kukoroga uji.